Kutoka Kadutu hadi Idjwi na bidoni ishirini na nne

Alhamisi, 1 Agosti

Ratiba ya klabu yetu ilisema tuondoke leo Bukavu, huku mashariki mwa Kongo, twende kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Aliyeiandika hiyo ratiba, yaani mimi, alisahau kwamba tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi. Tangu asubuhi watu wa Bukavu wamekwenda makaburini na majembe na panga kufyeka majani, mchana wakarudi nyumbani kula na walio hai. Mzazi gani wa Kadutu, mtaa wetu, atakubali mtoto wake ashinde juu ya ziwa siku kama hii? Mama mmoja aliniambia bila kucheka: "Asubuhi nilikuwa ku kaburi ya baba yangu. Usiniongezee ingine." Tumesogeza safari hadi kesho.

Usiku huu nahesabu bidoni, yaani madumu ya plastiki. Ni za lita tano, za mafuta ya kupikia, zimeoshwa kwa majivu mara mbili na bado zinanuka. Ziko ishirini na nne. Jirani amenikuta nazipanga uwanjani akauliza kama klabu imeanza biashara ya mafuta. Nimemwambia ni za kuogelea. Amesimama kidogo, akaenda zake.

Mambo yalianza hivi. Kila shule zikifungwa Julai, klabu yetu inabandika ratiba ya kiangazi ukutani: mpira wa avenyu kwa avenyu, mchezo wa kuigiza, kompyuta tatu (zinazowaka ni mbili), na kitalu cha miti. Kiangazi huku hakuna anayepanda mti, maana utakauka kabla ya Septemba. Kwa hiyo watoto wanajaza udongo kwenye vifuko, wanamwagilia jioni, wanangoja mvua. Ni kazi isiyo na sifa, na kila mwaka nusu yao wanaitoroka kwenda mpirani.

Mwaka jana, siku ya kufunga, niliuliza watoto kama arobaini: nani anajua kuogelea? Mikono miwili ikapanda. Baadaye tukagundua kwamba mmoja wa hao wawili alidhani naulizia kuoga.

Ukisimama Funu, juu kabisa ya Kadutu, ziwa lote liko chini yako, na zile rasi tano za Bukavu zimejinyoosha majini kama vidole. Watoto wetu wameamka wakiliona kila siku ya maisha yao, ila kulifikia ni jambo lingine. Nguba, Muhumba, mitaa ile ya kando ya maji, kote ni kuta, mageti na walinzi, na pale penye wazi ndipo takataka za mji mzima zinapoteremkia. Mtoto wa Kadutu analijua ziwa kama anavyoijua ndege: anaiona ikipita.

Ijumaa, 2 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi tuko Muhanzi, vijana ishirini na wawili na walezi watatu. Bandari imejaa tayari: magunia ya unga, godoro, mbuzi mmoja asiyetaka kushuka ngazi, wamama wenye masusu matupu wanaokwenda kujaza mananasi kisiwani.

Mwenye boti alituahidi jile, yaani jaketi la kuokolea, kwa kila mtu. Tulipohesabu zilikuwa kumi na nne, na mbili kati yake hazina kamba. Nikamwambia hatupandi. Akaniambia kwamba yeye amevuka ziwa hili miaka ishirini bila jile. Nikamwambia sisi ndiyo mara ya kwanza. Abiria wengine wakaanza kunung'unika juu yangu, si juu yake, na hilo ndilo lililoniuma: kwamba anayeuliza jile ndiye mwenye kuchelewesha watu. Tulikaa pale karibu saa mbili. Mwishowe kijana wa boti nyingine alituazima kumi na moja, akachukua franka kidogo na simu ya mlezi mwenzangu kama rehani. Zile tulizofunga kwa tambara la kikwembe, yaani kitenge, tukavaa sisi wakubwa.

Tulipotoka, watoto walinyamaza. Niliwajua kwa kelele tu, sikujua kwamba wanaweza kunyamaza hivyo. Kulia kwetu Rwanda, kisiwa cha Nkombo kimejaa mashamba hadi kileleni. Kushoto milima ya Kabare, na nyuma yake mlima Kahuzi umefunikwa na ule ukungu wa kiangazi ambao nusu yake ni moshi wa majani yanayochomwa. Msichana mmoja wa Funu, wa miaka kumi na tatu, alishika ubao wa boti kwa mikono miwili tangu Muhanzi. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Hapana, yaya," akasema, maana kwetu mkubwa wako unamwita yaya. "Ninashikilia boti."

Mbele ya Birava moteri ikakohoa, ikazima. Esansi, yaani petroli, ilikuwa na maji, au uchafu, kila mtu alikuwa na maoni yake. Tukaelea. Boti ikizima ndipo unapolisikia ziwa: maji yanapiga mbao polepole, mbuzi analia, mtu anasali chini ya pumzi. Fundi alifungua bomba akalivuta kwa mdomo, akatema, akalivuta tena. Dakika arobaini. Kijana wetu mkubwa, aliyemaliza Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na ambaye anaangalia simu kila dakika akingoja matokeo, alitumia muda huo kuwaeleza wadogo jinsi Ruzizi inavyotoka ziwani pale Bukavu na kuteremka hadi Tanganyika, na kwamba chupa wanazotupa kwenye mitaro ndizo zinazokwenda kuziba mitambo ya bwawa la Ruzizi, halafu tunalalamika kwamba umeme umekatika. Mtoto mmoja akasema: "Kumbe giza ya kwetu tunaitupa wenyewe." Moteri ikawaka. Watu wakapiga makofi kana kwamba ni yeye aliyeiwasha.

Idjwi tulifika mchana mkali. Tumelala katika darasa la shule ya msingi, mikeka juu ya simenti, madawati yamebebwa nje. Mama mwenye kutupikia, mke wa katekista, alitukaribisha kwa bugali ya muhogo na maharagi. Akauliza tumekuja kufanya nini. Nikamweleza. Akaweka mwiko chini.

"Batoto ba Bukavu munalipa transporti juu ya kuja kuogelea huku, na ziwa iko kwenu ku mulango?"

Sikuwa na jibu fupi.

Jumamosi, 3 Agosti

Mwalimu wetu ni mzee mvuvi, mwembamba, miguu imekauka kama makasia. Watu walinitajia yeye kwa sababu moja: wajukuu wake wote, wasichana kwa wavulana, wanaogelea. Hata kisiwani hilo si la kawaida kama nilivyofikiri. Wavulana hapa wanajifunza wenyewe wakiwa wadogo. Wasichana wanateka maji ziwani kila siku, ila wakikawia huko wanaitwa nyumbani.

Kabla mtoto yeyote hajalowa, mzee alichukua mti mrefu akauchomeka ziwani, mahali maji yanapomfika kifuani. Kisha akachukua kamba yenye jiwe. Alisema ni mita kumi na tano. Akapanda mtumbwi, akapiga kasia mara chache tu kupita ule mti, akaachia jiwe. Kamba ikakimbia mkononi mwake, ikakimbia, ikaisha. Jiwe halikugusa chini. Akaipandisha taratibu, akaikunja, akawaangalia watoto.

"Mumeona?"

Wameona. Hakuna hata mmoja aliyeuvuka ule mti siku hiyo, na sikulazimika kusema neno.

Hili ndilo watu wengi wa mjini hawalijui. Tunasema ziwa linavuta watu, lina mwenyewe, lina jini. Kivu halina mamba wala kiboko. Lina ukingo unaokatika ghafla: unakanyaga, unakanyaga, halafu hakuna pa kukanyaga. Katikati kina chake kinapita mita 480. Mtoto mmoja aliuliza habari za gesi, maana wote wamesikia kwamba ziwa letu lina gesi. Ipo kweli, metani na kaboni dioksidi nyingi, ila imelala huko chini kabisa, mamia ya mita, imekandamizwa na uzito wa maji. Haimpandii anayeogelea kando. Anayekufa kando anakufa kwa kukosa ardhi chini ya mguu na kwa woga.

Basi tukaanza. Bidoni mbili mbili, zimefungwa kwa kipande cha kikwembe kinachopita kifuani, bidoni chini ya kila kwapa. Somo la kwanza la mzee lilikuwa kukaa. Kukaa tu, majini, hadi shingoni, na kupuliza mapovu kama mtoto mchanga. Walicheka sana hapo, na ile hofu ya boti ikaanza kuwatoka kwa kicheko. Somo la pili, kulala chali. Hapa ndipo vita vilipokuwa. Mtu akilala chali majini mara ya kwanza anainua kichwa kuangalia miguu yake iko wapi, na kichwa kikipanda makalio yanazama, na makalio yakizama mtu anapiga kelele. Mzee alikuwa anaweka kiganja kimoja tu chini ya kisogo. "Angalia mbingu. Miguu iko yako, haitaenda popote. Vuta pumzi, kaa nayo. Kifua yako ni bidoni ya tatu."

Wajukuu wake walikaa juu ya jiwe wakitucheka waziwazi. Mmoja, labda wa miaka saba, aliruka kutoka kwenye lile jiwe, akapita chini ya maji, akatokea katikati ya vijana wetu wa miaka kumi na sita. Aibu ni mwalimu mkali kuliko mimi. Hadi saa kumi, wavulana sita walikuwa wameacha bidoni moja wakabaki na moja.

Msichana wa Funu hakuingia. Alikaa ukingoni na viatu miguuni, akatunza nguo za wengine. Nilipomkaribia alisema mbio mbio: "Mimi niko sekretere. Ninaandika majina." Kweli alikuwa na daftari. Nikamwacha aandike.

Jioni watu wazima wa klabu tulizozana kidogo. Mwenzangu anasema tumsukume, maana tumebakiza siku mbili. Mimi ninasema mtoto akisukumwa majini anajifunza kutokuamini anayemsukuma, na hilo tu. Hatukuafikiana.

Jumapili, 4 Agosti

Misa asubuhi, ndefu. Halafu mpira: sisi na vijana wa hapa, kwenye uwanja unaoinama kama paa la nyumba. Kipindi cha kwanza tulicheza kuteremka, tukafunga mawili, tukajiona. Kipindi cha pili tulicheza kupanda. Nne kwa mbili. Wenzetu walituliza kwa mananasi, na mananasi ya Idjwi si ya kuandikia. Juisi inafika kwenye kiwiko kabla hujamaliza kipande.

Usiku mzee alitwambia tutoke nje. Hakuna mwezi wiki hii, na ziwa lilikuwa limejaa taa, kama mji mwingine umejengwa juu ya maji, mkubwa kuliko wetu na wenye umeme zaidi. Ni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja sambamba, miti mirefu inatokeza mbele na nyuma kama mapembe, wavu unateremshwa katikati, na taa zinawaita samaki. Mwezi ukiwa mpevu kazi inakufa: sambaza wanatawanyika kwenye mwanga wote ule na taa ya mtu haina maana tena, wavuvi wanalala kwa wake zao. Kwa hiyo bei ya sambaza Kadutu inapanda na kushuka na mwezi, jambo ambalo mama yangu analijua bila kuelezwa na mimi nililijua usiku huu.

Mzee anasema alipokuwa mtoto sambaza hawakuwepo. Ni kweli: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakawekwa humu. Samaki tunayemwita wa kwetu, tunayemla na bugali tangu kuzaliwa, ni mgeni mwenye umri chini ya mzee huyu. Vijana walikataa kuamini. Mmoja alisema mzee anachanganya.

Nyimbo za wavuvi zilitufikia kwa vipande, upepo ukileta na kuchukua. Mmoja anaanza, wengine wanajibu kwa kasia. Tulikaa pale hadi baridi ilipotutoa.

Jumatatu, 5 Agosti

Asubuhi tulipanda kilima kuangalia upande wa Kalehe. Ng'ambo ya maji milima imesimama wima, na ndani ya kijani kuna michirizi ya udongo inayoteremka. Huko ndiko Bushushu na Nyamukubi, ambako mvua ya Mei 2023 ilishusha mlima na mito pamoja. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi hawakupatikana. Wawili kati ya vijana wetu wana ndugu upande ule. Nilikuwa nimeandaa maneno juu ya misitu na mizizi inayoshika udongo, na jinsi kitalu chetu kinavyohusika. Nilipowaangalia nyuso nikayameza. Kijana mmoja wa wale wanaotoroka kumwagilia aliniuliza tu, tukiteremka, vifuko vyetu viko vingapi sasa. Nikamwambia mia tatu na kitu. Akasema ni kidogo.

Mchana, maji. Wengi sasa wanaelea bila kitu, wachache wanakwenda mita kumi kwa mtindo ambao mzee anauita wa mbwa. Nilikuwa nimeshughulika na mvulana aliyemeza maji nilipomwona mjukuu wa mzee, yule wa miaka saba, amekaa karibu na sekretere wetu. Anamwonyesha kitu kwenye daftari. Sijui walisema nini, maana mdogo anasema Kihavu na yule wa Funu anasema Kiswahili na Mashi ya bibi yake. Nikaona viatu vimevuliwa, vimepangwa vizuri, soksi ndani. Daftari juu ya viatu. Jiwe juu ya daftari.

Aliingia amevaa nguo zote, ameshikwa mkono na mtoto anayemfika kiunoni. Walikaa majini hadi shingoni kama siku ya kwanza, wakapuliza mapovu. Muda mrefu. Kisha akalala. Makalio yakazama, akapiga kelele, akalala tena. Mzee alianza kusogea, mimi nikamshika bega, na nafikiri ni mara ya pekee safari nzima niliyomwambia mzee la kufanya. Mara ya nne au ya tano alikaa. Masikio ndani ya maji, macho juu, midomo imefungwa kwa nguvu zote, mashavu yamejaa hewa. Nilihesabu hadi ishirini na sita. Alipoinuka alikohoa, akatazama ufukweni, akasema kwa sauti ya hasira:

"Nani ananiandika?"

Kijana wa Exetat alikimbilia daftari.

Jumanne, 6 Agosti

Tumerudi na boti nyingine. Jile zilitosha. Nauli ilikuwa juu kidogo na sikubishana. Mke wa katekista alitupa susu mbili za mananasi, na moja haikufika Muhanzi. Bidoni kumi tumeziacha kwa wajukuu wa mzee, ambao hawazihitaji, ila walizitaka.

Karibu na Bukavu maji yanabadilika: chupa, sandali moja moja, mifuko, povu. Mtoto aliyezungumzia giza juzi alikuwa ameinama ubavuni akizihesabu chupa, akaacha alipofika mia moja.

Kwa wazazi wanaouliza habari za wiki zijazo: fainali ya avenyu kwa avenyu ni Jumapili baada ya misa ya pili, kompyuta zinaendelea Jumanne na Alhamisi, mchezo wa kuigiza utaonyeshwa kabla shule hazijafunguliwa, na kitalu kinahitaji vifuko, hata vya maziwa vilivyooshwa, tunavipokea. Kuhusu kuogelea, Jumamosi mchana nimeandika neno lenyewe kwenye ratiba na mbele yake nimeacha nafasi ya mahali.

Kabla ya kupanda Kadutu nilipitia kando ya ziwa, kwenye lango la uwanja mmoja ulio wazi hadi majini, nyasi zimekatwa, hakuna anayekaa humo siku nyingi. Nilimweleza mlinzi: watoto ishirini, saa mbili kwa wiki, walezi watatu, mti tutauchomeka wenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliuliza kama watoto watakojoa kwenye maua. Nikamwambia hapana. Akasema patroni anarudi Alhamisi, nije saa nne, nije nimevaa suruali ndefu.